Kikundi cha Ukoo: Matokeo ya AP ya Neema

Mama Neema: Habari za asubuhi wana ukoo. Matokeo ya AP, ile mitihani ya kiwango cha chuo wanayofanya sekondari huku Marekani, yametoka. Binti yenu kapata Biolojia 4, Kiingereza 3, Historia ya Marekani 2. Namshukuru Mungu.

Mjomba (Tanga): Hongera sana mpwa wangu! Sasa nisaidie kidogo. Huku kidato cha sita A ni pointi 1, B pointi 2, mtu mwenye A tatu ana pointi 3 na mtaa mzima unajua. Kwa hiyo Historia una B, Kiingereza C, Biolojia D? Mbona umeteleza kwenye Biolojia, nawe ndiye daktari wetu?

Neema: Shikamoo mjomba. Huku ni kinyume. 5 ndiyo ya juu, 1 ya chini kabisa. Biolojia nimefanya vizuri. Historia ndiyo imenishinda.

Mjomba (Tanga): Marahaba mama. Kumbe! Basi hongera ya Biolojia, na Historia pole sana.

Baba Neema: Mimi usiku sikulala. Nimesoma kwamba alama inaweza kufutwa isionekane tena. Nataka tuifute hiyo 2 leo, halafu hizo nyingine nizitume vyuo vitano. College Board, wenye mitihani hiyo, wanataka dola 15 kwa kila chuo. Ni 75, nalipa.

Shangazi: Kaka, subiri. Usifute na usilipe chochote. Nina wanafunzi ofisini, mchana naandika.

Baba Neema: Dada, mtoto anaanza kuomba vyuo mwezi wa nane na hiyo 2 imekaa pale!

Shangazi: Haiendi kokote mpaka mchana. Subiri.

Mama Neema: Baba Neema, wifi kasema subiri. Hii ndiyo kazi yake kila siku.

Binamu: Neema, Historia ilikuwaje? Darasani si ulikuwa na B?

Neema: B+. Maswali ya kuchagua yalikwenda vizuri. Nilikwama kwenye DBQ, ile insha ya nyaraka. Wanakupa nyaraka 7, uzisome na uandike insha kwa saa moja. Wanashauri dakika 15 za kusoma. Mimi nilisoma na kupiga mistari mpaka nusu saa imekwisha. Niliandika utangulizi na aya moja na nusu, kisha nikaambulia dakika chache za insha ya pili.

Binamu: Pole. DBQ peke yake ni robo ya alama zote. Ukiikosa hiyo, maswali ya kuchagua hayakuokoi.

Shangazi: Haya, nimekaa. Kaka, soma taratibu.

Alama ya AP huangaliwa mara mbili, kwa sababu mbili tofauti. Mara ya kwanza ni wakati wa kuomba. Pale Neema mwenyewe ndiye anayejaza alama zake kwenye Common App, fomu ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, na vyuo vingi havimlazimishi kujaza zote. Ajaze 4 ya Biolojia. Ile 3 ataijaza kwa vyuo vya serikali hapa Ohio, kwingine tutatazama chuo kwa chuo. Historia asiijaze. Wanachokisoma kwa makini ni transkripti ya shule: amechukua masomo gani na alama gani darasani. Pale wataona AP Historia, B+. Mtoto aliyejitosa kwenye darasa gumu akatoka na B+ hana la kuficha.

Mara ya pili ni akishakubaliwa na kuchagua chuo. Hapo ndipo ripoti rasmi ya College Board inapohitajika, ili apewe krediti. Hiyo ripoti hubeba alama zote alizowahi kupata, pamoja na 2. Lakini wakati huo wameshamkubali. 2 haitampa krediti, basi. Hakuna atakayemfukuza.

Baba Neema: Na kuifuta je?

Shangazi: Ukishafuta, imefutika milele, na ada ya mtihani hairudi. Ipo pia njia ya kuizuia isiende chuo fulani, dola 10 kwa kila alama kwa kila chuo. Sioni sababu ya zote mbili. Hizo dola 10 mnunulie mtoto pizza, amehangaika.

Neema: Shangazi, ile nafasi ya kutuma alama chuo kimoja bure sikuijaza. Niliogopa kutuma kabla sijaona. Tarehe 20 Juni ikapita.

Shangazi: Hujapoteza kitu, mwanangu. Kila mwaka unapofanya mtihani unapewa nafasi moja ya bure. Mwakani Mei utafanya Kemia, sivyo? Mpaka tarehe 20 Juni utakuwa umeshachagua chuo. Utakiandika hicho, na ripoti itapeleka alama za miaka yote kwa pamoja. Hata dola 15 hamtoi.

Baba Neema: Kumbe nilikuwa nakwenda kutupa 75.

Mjomba (Tanga): Shemeji, tulia. Sasa hiyo krediti ni nini hasa?

Binamu: Mjomba, ni kama umeshalisoma somo hilo chuoni. Mimi niliingia na krediti za masomo matatu, ada yake sikulipa. Na pale chuoni kwetu wenye krediti nyingi huchagua madarasa mapema, kwa hiyo sikubaki na ya saa mbili asubuhi.

Shangazi: Na hapa Ohio tuna bahati. Vyuo vikuu vyote vya serikali vinatoa krediti kuanzia 3. Kwa hiyo Kiingereza chake cha 3 ni mali. Kwingine ni tofauti: kuna vyuo vinavyotaka 4 au 5, na Dartmouth waliacha kabisa kutoa krediti za AP kwa walioingia kuanzia 2014. Baba Neema, kabla ya kutamani jina la chuo, fungua jedwali lao la krediti ulisome.

Mama Neema: Wifi, na udaktari? Biolojia akiiruka si ndiyo vizuri?

Shangazi: Hapo ningekwenda polepole. Baadhi ya vyuo vya udaktari hawaikubali Biolojia ya AP isimame badala ya ile ya chuo, wanataka kuona umeisoma pale pamoja na maabara. Neema aichukue krediti, kisha amwulize mshauri wa chuo kabla ya kuruka darasa. Na ile ya Kiingereza asiitupe, itamwokolea muda.

Neema: Nirudie Historia mwakani?

Shangazi: Unaruhusiwa, ila alama zote mbili zitabaki kwenye ripoti. Mimi nisingerudia. Weka nguvu kwenye Kemia, na tufanye mazoezi ya kuandika kwa saa. Jumamosi njoo kwangu na saa yako ya mkononi.

Neema: Sawa shangazi, nitakuja.

Mama Neema: Na mdogo wake anaingia darasa la 10, kachagua Jiografia ya AP. Mtihani ni karibu dola 100, tutaweza?

Shangazi: Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa. Mwambie mratibu wa AP shuleni kwake mwezi wa tisa, msingoje. Usajili hufungwa katikati ya Novemba, na ukichelewa kuna faini ya dola 40. Nitumie barua ya chakula cha bure cha shule uliyopewa mwaka jana, nione kama inatosha kuombea punguzo.

Mama Neema: Ipo kwenye droo. Naipiga picha sasa hivi.