Haidroliki au dizeli-umeme: niende karakana ipi ya vichwa vya treni?

Fundi_Mkoani
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni fundi wa injini za boti, nipo Mkoani, Pemba. Nimepata nafasi mbili bara za kujifunza kazi ya vichwa vya treni. Moja ni karakana ya vichwa vya sogeza vya dizeli-haidroliki, vile vya kupanga mabehewa yadini na kuvuta mizigo ya masafa mafupi. Ya pili ni ya vichwa vikubwa vya njia kuu, dizeli-umeme. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Ipi bora?

BintiNyaya
Waalaykum salaam. Kaka, umeuliza nusu. Mafunzo ni ya muda gani? Utalipwa au utajilipia? Umeme unaujua kiasi gani? Una familia ya kuiacha Pemba? Hata geji, yaani upana wa reli, hukutaja, mita moja au milimita 1067 kama TAZARA.
Kwa upande wangu, nenda umeme. Injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizopo kwenye ekseli. Ukishaijua mota ile, hata kiwandani hukosi kazi. Haidroliki TAZARA walikuwa nayo tangu mwanzo, vichwa kutoka China, na mlima wa Mlimba hadi Makambako ukavishinda nguvu. Miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli-umeme.

Dreva_Mstaafu
Binti yangu, hilo la TAZARA ni kweli, lakini mlima na yadi ni kazi mbili mbalimbali. Yadini unasogea hatua hamsini, unasimama, unarudi, kutwa nzima. Kwenye haidroliki chuma hakishikani na chuma: gurudumu la kwanza linarusha mafuta, mafuta yanapiga mapezi ya gurudumu la pili, kichwa kinaondoka taratibu bila kushtua mabehewa. Wajerumani walitengeneza vichwa vya sogeza vya haidroliki vya V60 zaidi ya 900 kuanzia miaka ya 1950, nguvu za farasi 650, na magurudumu yote yameunganishwa kwa fimbo ili ekseli moja isiteleze peke yake. Ina gia ya yadi, mwisho kilomita 30 kwa saa, na gia ya njia, mwisho 60. Baadaye ikaja V90, farasi 1,100. Wasingezitengeneza kwa wingi huo kama hazifai.

Ila mwanangu, nakueleza na ubaya wake, maana umenipata. Nilifanya kazi yadi moja bara, siitaji. Kichwa chetu cha haidroliki kilikuwa kinapungua maji ya rejeta kila siku. Tukaripoti. Msimamizi akasema ongezeni maji, kazi iendelee. Tukaongeza wiki mbili. Usiku mmoja wa mvua nikapewa mabehewa ya saruji niyapandishe kwenye kilima kidogo cha kuingilia ghalani. Injini inanguruma, magurudumu yanatambaa kama kobe. Hapo ndipo konveta, yale magurudumu mawili ya kurushiana mafuta, inapoteseka, kwa sababu nguvu isiyofika kwenye reli yote inageuka joto ndani ya mafuta. Mshale wa joto ukapanda, mie nikaambiwa kwenye redio nimalizie tu. Nikasikia harufu ya mafuta yaliyoungua, halafu kichwa kikalegea, injini inazunguka na sisi hatwendi. Nikafunga breki, nikashuka na tochi. Chini ya kichwa kokoto zimelowa. Nikachomoa kijiti cha kupimia, mafuta yake rangi ya chai ya maziwa. Mirija ya kupozea ilikuwa imetoboka ndani, maji yanaingia kwenye mafuta, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyechomoa kijiti kile kwa wiki mbili. Na mie nimo. Giaboksi nzima ikashushwa, tukakaa miezi tukisubiri spea.

Yakhe_Wete
Pole mzee wangu. Hilo hata kwenye boti lipo, vipoza mafuta vinaliwa na maji ya chumvi. Fundi wa Mkoani keshaizoea kazi hiyo, kwa nini akaanze kujifunza mota?

BintiNyaya
Kwa sababu dunia inakwenda huko yakhe. Tangu 2024 Dar hadi Dodoma treni ya umeme inakimbia.

Dreva_Mstaafu
Juu ya njia kuu, sawa. Bandarini kreni inashusha kontena kutoka juu, waya utaupitisha wapi? Hapo dizeli bado inahitajika.

BintiNyaya
Dizeli ndiyo, lakini si lazima iwe ya haidroliki. Vichwa vya sogeza vya dizeli-umeme vipo, na Marekani ndivyo wanavyotumia.

Mtoto_wa_Bububu
Wazee, mnazungumza treni za bara na sisi tulikuwa na yetu. 1905, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba. Ule mlio wa bu-bu-bu ndio uliotupa jina.

Yakhe_Wete
Sikubali. Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, ameitaja Bububu katika kumbukumbu zake, na zilichapwa 1886. Treni haikuwepo. Jina ni la chemchemi, maji yanavyobubujika.

Mtoto_wa_Bububu
Bibi yangu alituambia ni treni. Chemchemi ipo, siikatai.

Fundi_Mkoani
Shukrani nyote. Samahani sikueleza. Haidroliki ni miezi sita, wanatoa posho na pa kulala. Umeme ni miaka miwili, ada juu yangu. Geji ni mita. Umeme naujua wa betri na stata tu. Nina mke na watoto wawili.

BintiNyaya
Miaka miwili bila kipato na watoto wawili ni mzigo. Hata hivyo waulize kama ada inalipwa kwa mafungu. Na ile posho, ni ya mwezi au ya siku?

Dreva_Mstaafu
Kabla ya kukubali, nenda karakana ile ya haidroliki bila ya kuwaarifu. Omba kuoneshwa kichwa kimoja kinachofanya kazi, chomoa kijiti, tia tone la mafuta kwenye karatasi nyeupe. Ukiona ukungu au chenga za chuma, njoo utuambie hapa.

Fundi_Mkoani
Nitapanda boti Jumatano inshallah. Posho ni ya mwezi.

Mtoto_wa_Bububu
Ukipita Unguja njoo Bububu tukanywe maji ya chemchemi. Mzee Dreva, reli zetu zile zilipong'olewa zilipelekwa wapi?