Kilichomwangusha Louis wa 16: madeni au Varennes?

Mleta mada:
Ndugu zangu, tumezoea kusoma kwamba ufalme wa Ufaransa uliangushwa na madeni na njaa, nami nakubali nusu tu ya maelezo hayo. Hazina ilikuwa imekauka kweli, hasa baada ya vita vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, hata mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali ikaishia kwenye madeni. Na kwa kuwa makabaila na kanisa walisamehewa sehemu kubwa ya kodi, mfalme alilazimika kuliita Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Lilifunguliwa Versailles, makao ya mfalme nje ya Paris, tarehe 5 Mei 1789, na kabla Juni haijaisha wawakilishi wa tabaka la tatu, yaani raia wasio makabaila wala makasisi, walikuwa wamejitangaza kuwa Bunge la Taifa. Hapo utawala wa mfalme asiyewajibika kwa yeyote ulikwisha, lakini mfalme mwenyewe alibaki, tena akiheshimiwa na wengi. Kilichomponza ni usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni 1791, alipotoroka Paris na familia yake kuelekea mpakani, akakamatwa katika mji mdogo wa Varennes, huku nyuma ameacha waraka wa kuyakana mengi aliyokuwa ameyaridhia.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, unamhukumu mtu kwa ahadi alizotoa akiwa mateka. Oktoba 1789 umati, ukitanguliwa na wanawake wa Paris waliokuwa wakidai mkate, ulimfuata Versailles na kumleta mjini kwa nguvu, akawekwa katika jumba la Tuileries. Aprili 1791 alipotaka kwenda Saint-Cloud, jumba lake karibu na Paris, kwa ajili ya Pasaka, umati na askari wa mji wenyewe waliizuia njia. Mtu asiyeruhusiwa hata kwenda kusali anapotafuta njia ya kutoka, sioni usaliti hapo.

Mleta mada:
Hoja ya Saint-Cloud ni nzito, nami sitaikwepa: safari ile ilimwonyesha kwamba hakuwa huru. Lakini tazama yaliyofuata. Bunge, likiogopa jamhuri kuliko lilivyomwogopa yeye, lilishikilia kwamba mfalme alitekwa nyara, hadithi ambayo sidhani wengi waliiamini, na Julai 17 askari wakawafyatulia risasi raia waliokusanyika kwenye uwanja wa Champ de Mars, Paris, kutia sahihi ombi la kumpinga. Damu ilimwagika ili abaki kitini. Septemba 14 alikula kiapo cha kuilinda Katiba iliyompa kura ya turufu na kutamka kwamba nafsi yake haiguswi. Fursa kubwa zaidi ya hiyo asingeipata. Miezi 11 baadaye, vita dhidi ya Austria vikienda vibaya, umati wenye silaha uliivamia Tuileries, na Septemba 21, 1792 ufalme ukafutwa. Novemba likafunguliwa kabati la chuma lililofichwa ukutani mwa jumba hilo, zikatoka barua zake za siri na wapinzani wa mapinduzi. Kwa hiyo tukimsamehe kiapo cha mateka, bado kuna cha Septemba.

Wabunge waliomhukumu Januari 1793 waligawanyika vikali juu ya adhabu: kati ya 721, waliotaka auawe bila masharti walikuwa 361. Juu ya hatia, hakuna hata mmoja aliyepiga kura ya kusema hana.