Mtoto anatema dawa ya maji kila nikimpa, naombeni ushauri

Nyota_ya_Jioni:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu nimechoka kweli. Mwanangu ana miezi tisa, anakohoa na homa tangu juzi, nampa amoksilini ya maji lakini kila nikimnywesha anatema, nyingine inaishia shingoni, nyingine anaitapika yote. Nimembana pua, nimechanganya na uji, wapi. Mama mkwe anasema nimshike tu kwa nguvu. Mlio na uzoefu mnawanyweshaje watoto? Naomba majibu ya haraka dozi ya usiku iko karibu.

Mama_Karanga:
Pole mwaya. Kubana pua acha kabisa, atapaliwa dawa iingie njia ya hewa. Nenda duka la dawa kanunue bomba la sindano la mililita tano, bomba tu bila sindano yenyewe. Mkalishe wima mapajani, ncha ielekeze ndani ya shavu pembeni, siyo katikati ya ulimi, sukuma kidogo ameze, tena kidogo. Na kwenye uji usitie, akiacha nusu bakuli utajuaje kanywa dawa kiasi gani? Wangu wa pili alikuwa mkorofi hivyohivyo, mpaka baba yake alikuwa anatoka nje siku za dawa, sasa hivi yuko darasa la nne anaogopa mende tu.

Mzee wa Gati:
Watoto wa sasa mnawadekeza. Sisi Tanga bibi alikuwa anafungua kidonge cha rangi mbili anamwaga unga kwenye kijiko cha asali, unameza unarudi kucheza. Mpe asali na limau kikohozi kitaisha chenyewe hizo dawa za chupa zinawachosha watoto.

Sista Dozi:
Shikamoo mzee wangu, lakini asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapana, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka kupumua kukawa shida. Mleta mada, kabla ya habari ya kutema niambie hiyo dawa kaandikiwa na nani, chupa imeandikwa miligramu ngapi, mtoto ana kilo ngapi na unampimia kwa kitu gani.

Nyota_ya_Jioni:
Asante sista. Chupa imeandikwa 250. Nampimia kijiko cha chai. Kilo sikumbuki, kadi ya kliniki sijui nimeiweka wapi. Dawa tuliandikiwa zahanati. Lakini shida yangu ni kutema tu, dawa yenyewe haina tatizo.

Sista Dozi:
Dada yangu vijiko vya nyumbani havilingani, kimoja kinabeba mililita tatu kingine karibu saba. Tumia kile kikombe kidogo cha alama au bomba alilosema Mama_Karanga. Halafu zipo chupa za miligramu 125 na za 250 kwa kila mililita tano, ukichukua kiasi kilekile cha maji unakuwa umempa dawa mara mbili, ndiyo maana nauliza kilo. Na bado hujajibu, huyo wa miezi tisa alipimwa na nani?

Ngumi Jiwe:
Wakina mama wa siku hizi simu ya laki tano mkononi kadi ya kliniki haijulikani ilipo. Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure hospitali za serikali, unakuja kutibiwa na watu wenye majina ya bandia.

Nyota_ya_Jioni:
Ngumi Jiwe usinihukumu hunijui. Bure ni kumuona daktari, dawa zikiisha unaambiwa kanunue nje, na mimi nilinunua. Na dawa inafanya kazi, juzi alikuwa analia anasema sikio linauma usiku kucha, jana akasema limepoa kidogo.

Kiberenge:
Simameni kwanza wakuu. Miezi tisa halafu "anasema sikio linauma"? Wangu ana miezi kumi na moja anasema "ba" tu. Hii ni chai, tena haina hata sukari. Mods futeni.

Ngumi Jiwe:
😂😂 Nilishahisi. Wiki iliyopita kulikuwa na mwingine wa mapacha ikaja kugundulika ni mvulana wa chuo anatafuta wafuasi.

Mama_Karanga:
Jamani tusikimbilie hukumu. Dada tueleze, mtoto ni mmoja au wapo wawili?

Nyota_ya_Jioni:
Siyo chai. Wapo wawili. Wa miaka minne ndiye aliyeumwa sikio, zahanati wakaandika mililita tano mara tatu kwa siku, siku tano. Mdogo akaanza kukohoa na homa siku mbili baadaye. Ugonjwa ni wa nyumba moja na chupa ilikuwa nusu, sikuona haja ya kurudi kupanga foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na watoto wawili, baba yao yuko safarini. Ili iwatoshe wote niliongeza maji kidogo, ya kuchemsha lakini, nikatikisa vizuri. Inakaa kwenye friji. Sijampa mtoto sumu, ni dawa ileile.

Kiberenge:
Aisee. Basi samahani dada. Ila bora ingekuwa chai.

Sista Dozi:
Nashukuru umesema. Dawa hii huwa ya unga, na ule mstari kwenye chupa unaoonyesha maji yaishie wapi ndio unaofanya kila mililita tano ziwe na miligramu 250, unga ukishapata maji yake hauongezewi tena. Sasa hivi hakuna anayejua kijiko kina dawa kiasi gani. Mkubwa anapata pungufu ya alichoandikiwa, vijidudu vya sikio vinavyobaki vitarudi na homa. Mdogo hajapimwa. Kikohozi na mafua mengi ya watoto yanatokana na virusi, antibayotiki kama hiyo amoksilini haiviui, na homa hapa kwetu lazima apimwe malaria kidoleni kwanza. Au inaweza kuwa nimonia, ambayo inataka dozi kamili kwa uzito wake.

Sasa naomba mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima, tumia saa ya simu. Mwenye miezi miwili mpaka kumi na moja akifika 50 anapumua haraka. Angalia pia chini ya mbavu kama panabonyea akivuta hewa.

Nyota_ya_Jioni:
Anapumua harakaharaka kidogo ila ni sababu ya homa. Nilipanga nimalizie chupa nione mpaka Jumatatu.

Mzee wa Gati:
Mwanangu, hapo usisubiri Jumatatu. Nilikuwa nachangamsha baraza tu. Mdogo wangu tulimpoteza kwa kifua, nyumba nzima inasema ni mafua. Hesabu kama ulivyoambiwa.

Nyota_ya_Jioni:
Nimehesabu mara mbili. 58 na 56. Hapabonyei. Ananyonya lakini anaachia achia.

Sista Dozi:
Nenda sasa hivi, kituo cha afya chenye zamu ya usiku. Dozi ya usiku usimpe yeyote kutoka hiyo chupa. Beba chupa yenyewe na uwaambie ukweli kuhusu maji, usione aibu, wanahitaji kujua. Nenda na wote wawili. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akidegedega au akilegea njiani, wewe foleni huna, pita mbele useme.

Mama_Karanga:
Mfunike kiasi tu usimzongezonge makhanga, na endelea kumnyonyesha njiani. Tupe mrejesho.

Nyota_ya_Jioni:
MREJESHO: Tumerudi usiku wa manane. Malaria hana. Kapimwa kilo nane na kidogo, wamesema nimonia ila siyo kali, hajalazwa. Hawakutoa ya chupa, wamempa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, kimoja asubuhi na kimoja jioni siku tano, unakiweka kwenye kijiko na maji safi kidogo kinalainika chenyewe. Cha kwanza kamezea palepale mbele ya nesi. Mkubwa sikio bado jekundu, kaandikiwa chupa mpya, mfamasia kaikoroga mwenyewe na kunipa bomba lenye alama. Swali, wa vidonge akitapika nirudie? Na ile chupa ya zamani bado ina robo.

Sista Dozi:
Akitapika ndani ya nusu saa mpe kingine, akitapika kila unachompa mrudishe usiku huohuo. Hata akichangamka maliza siku tano, na siku ya tatu arudi wamhesabu tena pumzi. Akitoka vipele vya kuwasha au midomo ikivimba acha dawa mkimbize kituoni, hilo ni kwa wote wawili. Chupa mpya tikisa kila mara kabla ya kupima, na soma kibandiko, nyingi mwisho wake ni siku saba tangu ikorogwe. Ile ya zamani usiiache kwenye friji, mtu mwingine atadhani bado ni dawa. Ipeleke pale duka la dawa ukienda.

Kiberenge:
Sista, na sisi tunaochukua ya unga tukakoroge wenyewe nyumbani, povu likijaa tunajuaje maji yamefika mstarini?

Sista Dozi:
Tia kwanza nusu ya maji, yawe ya kuchemsha yaliyopoa, tikisa mpaka unga wote uachie chini, subiri povu litulie, ndipo uongeze mpaka mstarini huku chupa iko mezani, siyo mkononi.