Unga wa protini unanishinda kunywa, na saplimenti zipi zina maana kweli kwa kuongeza misuli?

Kijana_wa_Chuma
Wakuu habari zenu, naomba msaada wa wazoefu. Nina kilo 62, nataka kuongeza mwili wa misuli sio kitambi, mazoezi nafanya vizuri tu ila kula ndo kunanipa shida kwahiyo nikanunua unga wa wei (protini ya maziwa) ladha ya vanila. Sasa kuumeza ni adhabu. Nikikoroga na maji unabaki madonge madonge, povu linajaa nusu chupa, halafu kuna utamu fulani unaganda ulimini hauondoki. Nikihamia kwenye maziwa ladha inakuwa afadhali lakini tumbo linajaa gesi na kuunguruma.

La pili, muuzaji ameniambia wei peke yake haitoshi, nichukue na BCAA (unga wa amino asidi, vipande vinavyojenga protini), geina (unga wa kuongeza uzito) na busta ya homoni, na kriatini (unga wa kuipa misuli nguvu) nikiweza. Hela ya vyote sina. Nianze na kipi na kipi nikiache bila kujuta?

DadaMazoezi
Mdogo wangu kabla hujaulaumu unga angalia unavyochanganya. Kinachotangulia kwenye chupa ni maji au maziwa, unga unafuata juu. Ukitanguliza unga unagandamana kwenye kona za chini, nje unalowa ndani unabaki mkavu, hayo ndo madonge yako. Maji yawe ya baridi kabisa, tikisa kwa nguvu nusu dakika kisha iache chupa dakika mbili tatu povu litulie. Povu la wei huwezi kulimaliza lote maana protini yenyewe ndo inashika hewa, ndo maana ukiiacha blenda izunguke muda mrefu unapata glasi ya povu tupu. Kama unatumia blenda saga matunda na barafu kwanza mpaka vilainike, unga uingie mwisho kabisa, zungusha sekunde chache zima.

Huo utamu wa kuganda ulimini ni sukralosi au stevia, yaani vitamu vinavyowekwa badala ya sukari, soma lebo utaiona. Watu wanakosea wanaongeza asali au sukari, inazidi kukinaisha. Unatakiwa upingane nao: kijiko cha kakao isiyo na sukari, au kahawa nyeusi iliyopoa, na chumvi kiduchu sana, ile ya kubana kwa ncha za vidole viwili. Chumvi haifanyi sheki iwe na chumvi, inakata ule uchungu wa nyuma. Mtindi mzito nao unafaa sana kwa sababu ukali wake unaupunguza utamu. Na baridi inasaidia kuliko vyote, ulimi hausikii utamu vizuri kwenye kitu kilichopoa sana, kwahiyo chukua ndizi iliyoiva mpaka ina madoa, menya, katakata, gandisha kwenye friza. Hiyo inashika nafasi ya barafu na inaleta uzito mzuri bila kuongeza maji.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui ni nanasi. Nanasi bichi, papai na kiwi vina vimeng'enya vinavyokatakata protini za maziwa. Ukisaga ukanywa hapohapo hamna shida kabisa, ila ukitengeneza asubuhi ukaweka kwenye friji unywe jioni unakuta kimekuwa kichungu, mtu anamwaga na unga wote akidhani umeharibika. Nanasi la kopo halileti hiyo shida kwa sababu limeshapitishwa kwenye moto. Maembe na ndizi hazina neno.

Na kama umechoka kunywa, kula. Koroga unga kwenye mtindi na kijiko cha siagi ya karanga, au kwenye uji wa oti ila usiutie ukiwa unachemka, wei ikikutana na moto mkali inajikatakata kama maziwa yaliyoharibika. Epua, acha upoe kidogo, unga ukoroge kwanza na maziwa baridi kisha mimina.

Chupa ioshe ukimaliza tu kunywa. Ikilala na mabaki ile harufu haitoki na kila sheki itanuka hivyohivyo.

Mpiga_Dambeli
Dada kamaliza upande wa ladha, mi niongezee la tumbo na la hela.

Mkuu hiyo gesi nahisi ni laktosi, sukari ya kwenye maziwa. Angalia kama unga wako ni konsentreti, yaani wei iliyochujwa kidogo, hiyo inabaki na laktosi yake, ukichanganya na maziwa unakuwa umeweka laktosi juu ya laktosi. Isoleti imechujwa zaidi, protini inafika kama asilimia 90 na laktosi inabaki kidogo sana, bei iko juu lakini. Kabla hujanunua nyingine maliza hiyo uliyonayo kwa maziwa yasiyo na laktosi au ya soya uone, tumbo likitulia umeshapata jibu. Likigoma bado kuna unga wa mimea, wa njegere uliochanganywa na wa mchele ni mzuri kwa sababu kila mmoja unaziba amino asidi ambazo mwenzake anazo chache, ila ujue unakwaruza ulimi kidogo, hapo kakao na ndizi ni lazima.

Sasa saplimenti. Mtu anayejenga misuli anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, juu kabisa 2.2, kwahiyo kwako ni karibu gramu 100 hadi 136. Skupu moja, kile kijiko cha kupimia kilichomo kwenye unga, inakupa gramu 20 hadi 25. Maana yake hata ukinywa mara mbili zaidi ya nusu bado inatoka kwenye sahani, mayai, samaki, kuku, maharage, maziwa. Na bila kalori za ziada kama 300 hadi 500 kwa siku juu ya unazotumia kilo zitapanda kwa shida sana hata protini iwe nyingi vipi, watu wembamba wengi wanakwama hapo wanadhani unga haufanyi kazi.

Geina iache. Geuza ndoo usome nyuma, utakuta maltodekstrini imejaa, yaani wanga wa bei rahisi unauziwa kwa bei ya protini. Tengeneza mwenyewe: maziwa mililita 400, oti gramu 50, ndizi moja, siagi ya karanga vijiko viwili vikubwa, skupu moja ya unga wako. Inakaribia kalori 800 na protini kama gramu 50, na ni chakula unachokijua. Usilazimishe kuimaliza kwa mkupuo, nusu asubuhi nusu kabla ya kulala.

BCAA ni amino asidi tatu tu, na zote tatu zimo ndani ya wei unayokunywa. Misuli ili ijengwe inahitaji zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwahiyo unalipia kipande cha kitu ulichonacho kizima. Busta za homoni hizi za mmea wa tribulus kwa kijana mwenye afya hazipandishi chochote, hela hiyo nunua mayai.

Kriatini ndo ya kununua. Chukua monohaidreti ya kawaida isiyo na ladha, hayo majina mengine ya gharama hayajaonyesha kuishinda. Gramu 3 hadi 5 kila siku, hata siku usiyofanya mazoezi. Kuna wanaoanza na gramu 20 kwa siku zikigawanywa mara nne kwa siku 5 hadi 7 ili misuli ijae haraka, ila ukienda na 5 tu unafika palepale baada ya wiki tatu nne na tumbo halisumbuki. Kilo moja au mbili za mwanzo ni maji yanayoingia ndani ya misuli, usishtuke na usitangaze ushindi.

Bondia_Mstaafu
Vijana unga wa nini, sisi tulikuwa tunapasua mayai mabichi kwenye glasi tunakunywa na nguvu tulikuwa nazo.

Famasia_Usiku
Shikamoo mzee wangu, mayai nakubaliana na wewe kabisa ila yapikwe. Yai bichi mwili unafaidi karibu nusu tu ya protini yake, likipikwa unafaidi karibu asilimia 90, mbali na hatari ya bakteria wa salmonela. Kuyachemsha tu unapata karibu mara mbili kwa mayai yaleyale.

Kijana, mimi niongelee usalama. Kriatini kwa mtu mwenye figo nzima imechunguzwa miaka mingi na haijaonekana kuziharibu, ila inaweza kupandisha kipimo cha kriatinini (taka inayochujwa na figo) kwenye damu kwa sababu kriatini inavunjika kuwa kriatinini. Siku ukienda kupima mwambie daktari unaitumia, la sivyo mnaweza kuhangaika na ugonjwa ambao haupo, kuna kipimo kingine cha sistatini C kisichoyumbishwa nayo. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito au anayetumia dawa za kila siku asianze kabla ya kumuona daktari.

Kwenye unga soma orodha ya viambato. Ukiona glisini au taurini (amino asidi za bei rahisi) zimeongezwa pembeni kuwa makini. Vipimo vya kawaida vya protini vinapima naitrojeni, na hizo ni bei rahisi na zina naitrojeni, kwahiyo namba kwenye lebo inapanda na misuli haipati kitu. Ujanja wa aina hiyohiyo ndo uliotumika China kwenye maziwa ya watoto yaliyowekwa melamini, kemikali ya viwandani, kashfa ya mwaka 2008, watoto walikufa. Tafuta nembo ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, maana yake bidhaa imepimwa na mtu mwingine asiye mtengenezaji. Hasa kama unashindana, na hasa kwenye unga wa kuchangamsha kabla ya mazoezi, huko ndiko vichangamshi hatari kama DMAA vilikuwa vinafichwa.

Kijana_wa_Chuma
Asanteni sana wakubwa zangu. Nimeangalia ni konsentreti kweli. Nimejaribu na maziwa yasiyo na laktosi, ndizi ya friza, kakao na ile chumvi kidogo, nimemaliza glasi nzima bila kujilazimisha na tumbo limetulia. BCAA na busta nimeachana nazo. Swali la mwisho, kriatini naweza kuitia humohumo kwenye sheki au ina saa yake?

Mpiga_Dambeli
Tia humohumo, saa yoyote, cha msingi isiruke siku. Ila kwenye maziwa ya baridi haiyeyuki vizuri, inatua chini kama mchanga, kwahiyo ikoroge kwanza kwenye maji ya uvuguvugu kidogo ndo umimine kwenye sheki. Ukimaliza kunywa tia maji kidogo kwenye glasi, zungusha, kunywa na hayo.