Naomba shauri: kisu ya mazoezi, mpira ao plastiki?

Jambo bote, bayaya na bandugu. Siye huku Lubumbashi tuko batu kumi na mbili, tunafanyaka ju-jitsu (mchezo ya kupigana ya Kijapani) kila siku ya posho, sasa tunataka kuanza na kisu ya uongo. Fundi wa mbao alitutengenezea ya mbao, muzuri ku macho lakini iko nguvu, mwenzetu moya ilimugonga ku mbavu akakaa majuma mbili bila kufanya. Kisha tukakata mupira ya pine, ile inapinda kweli, ila kimono yote inabaki nyeusi (bibi yangu alikasirika!). Ya aluminium miye siitaki, hata ncha ikiwa ya duara ikiingia ku jicho mambo imeisha. Naona benye kucheza airsoft, bale ba bunduki ya vidonge vya plastiki vya milimetre 6, banatumia ya mpira laini na banagusa tu, habachome.

Basi, kwa benye kuanza, bila lineti ya kukinga macho, tuchukue mpira laini ao plastiki yenye kuwa ngumu kidogo? Na ku soko naipima namna gani mbele ya kulipa? Miye nafikiri kusukuma ncha ku kiganja, isipopinda naiacha, lakini sijue kama inatosha.