Tiketi za Nansio zinasoma saa 3, saa 9, saa 3: ninakili Date au nihamie Day.js?

MwaloKirumba: Wadau, nimerithi mfumo wa JavaScript unaochapa tiketi za meli Mwanza–Nansio. Meli inaondoka 09:00. Tiketi ya kwanza inatoka vizuri, saa 3. Ya pili inasema saa 9, tena tarehe ya jana! Ya tatu saa 3, tarehe bado ya jana. Mchawi ni huyu:

`d.setHours(d.getHours() - 6);`
`return d.getHours() % 12 || 12;`

Tiketi zote zinapitisha Date ileile (`d`, obujekti ya JavaScript inayobeba tarehe na saa), kwa hiyo saa 6 zinakatwa juu ya zilizokwisha kukatwa. Ninakili kwa `new Date(d)`, nigandishe kwa `Object.freeze`, au nihamie Day.js, maktaba ya tarehe na saa?

Sangara_Mkavu: Freeze ifute kabisa. Inafunga sifa za obujekti, lakini muda wa Date umekaa ndani zaidi, haifiki huko. setHours itaendelea kubadilisha bila hata kulalamika. `const` nayo hivyohivyo, inazuia tu jina lisipewe kitu kingine.

BintiUkerewe: Kunakili ni laini moja, ila atakayekuja baada yako atasahau. Day.js ukijumlisha au kutoa inarudisha obujekti mpya, ya zamani haiguswi. Msije mkachukua maktaba ya Moment tu: yenyewe inabadilisha ileile, na tangu 2020 watunzaji wake wanashauri miradi mipya isiitumie.

Fundi_Mabatini: Mnazunguka. Date iguswe ya nini? Saa ya Kiswahili ni namna ya kusoma tu, meli inaondoka wakati uleule:

`return (d.getHours() + 6) % 12 || 12;`

Maktaba nzima kwa hesabu hii ni kukodi meli kuvuka Mto Mirongo.

BintiUkerewe: Haya kaka, na muda wa kuripoti, saa moja kabla?

Fundi_Mabatini: Hapo nakili: `new Date(d.getTime() - 3600000)`.

Sangara_Mkavu: Angalieni na seva. getHours inafuata saa za mashine. Ikiwa UTC (saa tatu nyuma ya Tanzania), meli yenu itasoma saa 12. Weka ukanda wa saa wa seva: `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`.

MwaloKirumba: Nimeweka ya Fundi, rundo zima limetoka saa 3. Asanteni. Kumbe lakini Date ilikuwa inahifadhiwa baada ya kuchapa, hifadhidata imejaa saa za ajabu. Nijumlishe 6?

BintiUkerewe: Usithubutu. Hujui kila rekodi ilikatwa mara ngapi. Chukua upya kwenye ratiba ya safari.