Ofa ya Elfu Mbili na Mia Tano

KIKUNDI: Wana wa Bi Mwanaisha
Jumamosi jioni

Rukia: Assalam alaykum jamaa. Mama, nyumbani hatuko, Baba Nuru katutoa leo 😄
Rukia: 📷 Picha

Mama: Waalaykum salaam. Kawatoa wapi na mvua yote hiyo ya Nairobi?

Rukia: Ule mkahawa wa Kitaliano hapa mtaani, nyuma ya kituo cha mafuta. Ni ile wiki ya mikahawa, kila mahali kuna ofa. Hawa wametoa sahani tatu kwa 2,500 mtu mmoja.

Mama: Elfu mbili na nusu kwa tumbo moja.

Hamisi: Mama usijali mimi niko hapa, hakitabaki kitu

Mama: Na wewe kakualika nani?

Hamisi: Nilikuwa napita tu

Fatma (New Jersey): Yaani hii wiki ya mikahawa imefika mpaka South B? Huku New York ilianza 1992, chakula cha mchana kikauzwa dola 19.92 kwa kufuata mwaka. Siku hizi ukisikia bei yake washika kichwa.

Mjomba Athmani: Rukia, picha yako imechezacheza. Piga nyingine, menyu yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini.

Rukia: Shikamoo mjomba. 📷 Picha

Mjomba Athmani: Marahaba. Msiagize kitu. Natafuta miwani.

Hamisi: Mjomba weita kasimama hapa na kalamu

Mjomba Athmani: Asimame. Mimi nimesimama miaka 26 na kalamu.

Mjomba Athmani: Haya. Bruschetta, sawa, ni mkate wa kuchoma na nyanya. Carbonara, HAPANA. Ile ni yai, jibini na guanciale, na guanciale ni shavu la nguruwe.

Hamisi: Weita asema wao watia bekoni ya ng'ombe

Mjomba Athmani: Basi si carbonara, ni yai na nyama. Muulize kama atia na krimu.

Hamisi: Asema ndiyo, krimu nyingi

Mjomba Athmani: 🤦🏾‍♂️ Bosi wangu wa zamani wa hotelini angelia. Ule ulaini kama wa krimu watoka kwa yai lenyewe, ukilitia pasta imeshaondolewa motoni. Ukichelewa limeganda, wapata mayai ya kukaanga na tambi.

Mama: Tambi za mayai. Elfu mbili na nusu.

Mjomba Athmani: Bolognese, ule mchuzi wa nyama, uliza, wengi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Arrabbiata chukueni, ni nyanya, kitunguu thomu, pilipili na mafuta ya zeituni, basi. Maana yake "aliyekasirika".

Rukia: Nuru asema hiyo ni ya bibi yake 😂

Mama: Mpe simu huyo mtoto.

Mjomba Athmani: Na kwenye vitamutamu, panna cotta ina jelatini, uliza imetoka kwa mnyama gani. Tiramisu wengine hunyunyiza ramu au marsala, ambayo ni mvinyo. Msiambiwe "kidogo tu".

Rukia: Weita asema hajui, amekwenda kuuliza jikoni.

Fatma: Mjomba haya yote wayajua vipi? Mimi nilidhani ulikuwa mkutubi 😅

Mama: Mkutubi! Athmani aliosha masufuria ya Wataliano mpaka mikono ikawa myeupe.

Mjomba Athmani: Nilianza na masufuria, ndiyo. Nikapanda mpaka meza ya pasta. Malindi ilikuwa vile, mtoto wa Shela asiyemaliza kusema "ciao" hapati kazi. Na Wataliano hawakuletwa na ufuo tu. Wataliano walikuja kurusha roketi Ngomeni, ile San Marco, jukwaa lao liko baharini mpaka leo. 1967 wakarusha setilaiti yao. Tarehe 12 Desemba 1970 wakairusha ya Wamarekani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru ikaitwa Uhuru. Wahandisi wakaona bahari, wakaleta ndugu zao, ndugu wakafungua hoteli.

Hamisi: Kwa hivyo pizza ililetwa Kenya na roketi

Mjomba Athmani: Wewe kula unyamaze.

Rukia: Jamani mpishi mwenyewe katoka jikoni kuja mezani!! Mgiriama. Kasema tiramisu yake ni kahawa na maskaponi, ile jibini laini, pombe hamna, lakini panna cotta tuiache, jelatini ni ya kununua na paketi haisemi chochote.

Mjomba Athmani: Huyo ni mpishi. Muulize atoka wapi.

Rukia: Gede. Asema alifunzwa kazi Watamu.

Mjomba Athmani: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Rukia: Mjomba, mpishi kacheka mpaka kashika meza!! Ulimwambia nini?

Mjomba Athmani: Ya jikoni hubaki jikoni. Mambo ya maji ya pasta na mtu aliyesahau chumvi.

(dakika 25 hivi)

Rukia: Pasta yangu ngumu kidogo. Katikati kuna kama uzi.

Mama: Haijaiva! Irudishe. Mnalipa pesa mle vitu vibichi?

Mjomba Athmani: Dada, ndiyo yatakiwa hivyo, uiume kidogo. Unayopika wewe ni uji wa mgonjwa.

Mama: Na huo uji wa mgonjwa ndio uliokukuza.

Hamisi: 😂😂😂

Hamisi: Lakini hii arrabbiata ni moto kweli. Natoka jasho mpaka kwa masikio. Naagiza kapuchino

Mjomba Athmani: Baada ya chakula??? Kapuchino ni ya asubuhi. Mtaliano akikuona ataita daktari. Agiza espresso.

Hamisi: Weita amesema 300, na haimo kwenye ofa

Baba Nuru: Kwani nini kimo kwenye ofa?

Rukia: 📷 Picha

Rukia: Bili hii. Watu wazima watatu 7,500. Nuru hakuingia ofa, pizza yake ya margherita 1,200. Maji chupa mbili 800. Juisi tatu 1,350. Espresso ya Hamisi 300. Halafu ada ya huduma 10%, 1,115. Jumla 12,265.

Fatma: Maji 400 kwa chupa!!

Mjomba Athmani: Si niliwaambia mpige picha maandishi madogo? Ule mstari wa tatu kutoka chini: vinywaji na ada ya huduma kando. VAT ya 16% na ile 2% ya utalii zimo kwenye bei, ada ndiyo haimo. Ofa ni ya kukukalisha kitini. Faida iko kwenye maji.

Rukia: Ulikuwa washughulika na shavu la nguruwe mjomba, hukutusomea hilo.

Mjomba Athmani: Kweli. Nilianzia juu.

Mama: Elfu kumi na mbili. Baba Nuru asemaje?

Rukia: Ameisoma bili mara mbili, sasa ameigeuza aangalia nyuma.

Baba Nuru: Niliweka bajeti ya elfu tisa. Hamisi, wewe ulikuwa unapita kutoka wapi hasa?

Hamisi: Nina 340 kwa M-Pesa, naweza kuchangia 300 ya kahawa

Mama: Nimemtumia Rukia elfu moja. Msizoee. Na hiyo pizza ya mtoto iliyobaki msiwaachie.

Rukia: Asante Mama ❤️ Nimeshaomba wanifungie. Boksi ni shilingi 50.